Bustani ya Uani Tanga: Kuwapa Ndege, Vipepeo na Vyura Makazi kwa Maji Yaliyokwisha Kutumika

Nyumba nyingi za Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Sahare, zina ua nyuma, hata kama ua huo ni hatua kumi kwa sita tu, na humo mara nyingi utakuta mlimau mmoja, mpapai, kichaka cha mrehani karibu na mlango wa jiko, na uwanja unaofagiwa kila asubuhi mpaka mchanga ubaki na mistari ya ufagio. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ua wa namna hiyo, ambaye angependa chozi, shore, nyuki, vipepeo na vyura wapate pa kuishi, lakini hawezi kukubali bustani imnyang'anye maji ya kupikia na kuogea.

Mambo hayo mawili hayapingani. Bustani inayowafaa viumbe ni ile yenye kivuli, majani yaliyoachwa chini, na mimea ya vimo mbalimbali kuanzia tembele linalotambaa hadi muembe, na bustani hiyo hiyo ndiyo inayopoteza maji kidogo, kwa sababu jua haliufikii udongo moja kwa moja. Uwanja mtupu huoka mchana kutwa, na mvua ikinyesha maji hutiririka juu yake hadi barabarani pasipo kuingia ardhini. Tangi kubwa kuliko yote nyumbani kwako ni udongo wenyewe, na kazi nyingi zitakazoelezwa hapa ni za kulijaza tangi hilo na kulifunika.

Mjini Tanga maji ya bomba hutoka katika bwawa la Mabayani, linalojazwa na mto Zigi unaoteremka kutoka kwenye misitu ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Ndoo unayoiokoa uani kwako ni maji ya msitu ule, na ndiyo maana mimi siwezi kuutazama mpira ulioachwa wazi juu ya majani nikanyamaza.

Maji ambayo tayari unayo

Kabla ya kununua mpira wa kumwagilia, kaa jikoni siku moja na uangalie maji yanayomwagwa. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mchicha na matembele, ya kuloweka choroko, na ya kusuuzia vikombe kabla sabuni haijaguswa, yote yanaufaa mmea. Yawekee ndoo moja yenye kifuniko karibu na mlango wa jiko na uyatumie siku hiyo hiyo, kwa sababu yakilala huanza kunuka.

Kisha yako maji ya udhu, ambayo katika miji yetu ya pwani ni hazina isiyotazamwa. Nyumba ya watu watano wanaoswali sala tano, kila mmoja akitumia lita moja na nusu, hutoa zaidi ya lita 35 kwa siku, na ndani yake hamna sabuni wala mafuta. Kinachohitajika ni beseni pana mahali pa kutawadhia, au mfereji mwembamba wa saruji unaoyapeleka maji hadi kwenye shina la mti. Kwa wanaochelea maji hayo yasikanyagwe, shina la mti ni mahali pa heshima kuliko barazani. Wazee wetu waliotawadha kwa kata walitumia maji machache kuliko sisi tunaofungua bomba likatiririka tangu kunawa mikono mpaka miguu, na kurudi kwenye kata au birika peke yake kunaweza kupunguza zaidi ya nusu ya maji hayo.

Maji ya kufulia na kuogea yanahitaji uangalifu zaidi. Sabuni ina chumvichumvi ambazo zikirundikana huufanya udongo ugande na ushindwe kupitisha maji, kwa hiyo yapeleke kwa migomba na minazi, ubadilishe mahali kila wiki, wala usiyamwage juu ya mboga za majani. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe au yaliyofulia nepi yasiingie bustanini kabisa. Maji ya kisima cha karibu na bahari nayo yaonje kwanza: yakiwa na munyu, mnazi utayavumilia, lakini mlimau, mchungwa na maharage yataanza kuungua ncha za majani, na juu ya udongo utaona ukoga mweupe.

Masika: kujaza tangi la udongo

Mvua kubwa za Machi hadi Mei ndizo zinazoamua bustani itakuwaje mwezi Januari unaofuata, na mtu anayepumzika wakati huu kwa kuwa mvua inanyesha bure atalipa baadaye kwa ndoo. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita nane kwa sita lina mita za mraba 48, kwa hiyo mvua ya usiku mmoja yenye milimita 25 hudondosha lita 1,200 juu yake, na hata ukitoa sehemu ya tano kwa yale yanayoruka na kumwagika, bado zinabaki lita 960. Tangi la lita 1,000 linakaribia kujaa kwa usiku mmoja, na Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kabla ya kuyaelekeza maji ya gata ndani ya tangi, na mdomo wa tangi uufunge kwa wavu mwembamba usiopitisha mbu.

Maji yatakayozidi uwezo wa tangi yasiachwe yaondoke. Kila mti uchimbie kisahani kipana kuuzunguka, kina chake kiganja kimoja, ukingo wake ukiwa chini ya ncha za matawi badala ya kugusa shina, maana mizizi inayokunywa iko huko nje. Mahali penye mteremko, chimba mtaro mfupi unaokata njia ya maji na uujaze makumbi ya nazi. Makumbi hunyonya maji na kuyaachia polepole kwa wiki nyingi, tena sisi watu wa pwani huyatupa au huyachoma.

Huu pia ndio wakati wa kupanda, na uchaguzi wa mimea ndio utakaoamua ni nani atakuja. Mshubiri hauhitaji kumwagiliwa ukishashika, na maua yake marefu huvuta chozi, ambaye mdomo wake uliopinda umeumbiwa kazi ya kunyonya asali ya maua. Mlonge hutoa maua meupe yanayojaa nyuki, na majani yake ni mboga. Mrehani na kivumbasi ukiviacha vichanue, badala ya kuvikata kila vinapotoa shada, vitavuma kwa nyuki kutwa nzima. Mpera, mzambarau na mstafeli vitamlisha shore na vitakulisha wewe. Mkunazi na ua wa michongoma vina miiba, na ndege mdogo anayeogopa paka na kunguru huthamini mwiba kuliko tunavyothamini sisi. Mwenye nafasi ya kuchagua kati ya ukuta wa matofali na ua wa michongoma angalau upande mmoja, achague michongoma. Mbaazi panda katikati ya miti michanga, kwa sababu hukua haraka, hutia kivuli, hurutubisha udongo, na maua yake ya manjano hayakosi wageni.

Udongo wetu mwingi ni wa kichanga na maji hupita ndani yake kama katika chujio, kwa hiyo kila shimo la kupandia litiwe karai moja la samadi ya mbuzi iliyooza au mboji.

Vyura wataanza kulia usiku wa mvua ya kwanza kubwa. Waache: chura hula wadudu usiku kucha na hakuombi kitu ila mahali penye unyevu pa kujificha mchana. Chungu kilichovunjika, kikifukiwa nusu kwa ubavu chini ya migomba, kinamtosha.

Kipupwe: kuacha majani yalale

Kuanzia Juni upepo wa kusi huvuma, jua hupungua makali, na bustani haidai maji mengi. Ni wakati mzuri wa kupunguza matawi, lakini kabla ya kugusa panga kagua kila kichaka kama kina kiota chenye mayai au makinda, na ukikikuta, kichaka hicho kiache mpaka wenyewe waondoke.

Kazi kubwa ya kipupwe ni ya kuzuia mikono. Majani yanayoanguka ndiyo blanketi la udongo, na humo ndimo wanamoishi majongoo na mende wa majani wanaochakuliwa na ndege wa ardhini. Najua ugumu wa jambo hili, kwa sababu nimelelewa na bibi aliyeamini kwamba uwanja usiofagiwa kabla jua halijapanda ni aibu ya nyumba. Nilipomwambia, "Shikamoo bibi, naomba majani ya huku nyuma tusiyachome mwaka huu," alinitazama kisha akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, na nyoka akija tumkaribishe chai?" Hofu yake ilikuwa na msingi, na tulikubaliana mpaka ambao mpaka leo ninaushauri kwa kila mtu: hatua nne kutoka kwenye ukuta wa nyumba, pamoja na njia ya chooni na mahali wanapochezea watoto, pafagiwe kama kawaida, ng'ambo ya hapo, chini ya miti, majani yabaki. Tulipanga mstari wa mawe ili ufagio ujue unakomea wapi. Mwezi wa pili bibi mwenyewe ndiye aliyeniita kunionyesha shore wawili wakipekua majani yale, akanizuia nisimwage maji karibu yao.

Tandaza majani hayo unene wa kiganja, lakini yaache umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina, kwa sababu mchwa hupenda kupanda mti kupitia kwenye majani makavu yaliyouegemea.

Vuli: kiwavi wa mlimau

Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, haziaminiki kama za masika. Mwaka mmoja hujaza visima na mwaka mwingine hupita juu tu. Panda tu kile ambacho utaweza kukihudumia kwa ndoo endapo mvua itakatika. Mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya huwa wamefika, nao hukamata wadudu hewani juu ya paa zetu. Mibuyu nayo huchanua. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na popo ndiye anayelichavusha usiku, kwa hiyo mwenye mbuyu karibu na nyumba asiwafukuze popo kwa moshi kwa sababu ya mapera machache wanayouma. Popo wengine, mfano wa wale wanaoishi katika mapango ya Amboni, hula wadudu warukao usiku.

Lakini kiumbe ninayemtetea zaidi msimu huu ni kiwavi wa mlimau. Majani mapya yakichipua, kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu hupita na kutaga yai moja moja, la mviringo, dogo kuliko punje ya mtama. Kiwavi anayetoka humo huwa na rangi ya kahawia iliyokolea na mabaka meupe, akafanana kabisa na kinyesi cha ndege kilichodondokea jani, na hiyo ndiyo kinga yake. Akikua hugeuka kijani. Mguse taratibu nyuma ya kichwa na atatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali ya limau lililovunda. Hazina sumu kwako, ni vitisho kwa siafu na ndege.

Nilipoanza bustani sikumjua. Niliona majani ya mlimau wangu yamekatwa, nikanunua dawa, nikapulizia mti wote asubuhi ukiwa na maua. Viwavi walikufa, na nyuki waliokuja asubuhi ile wakaanguka chini ya mti, nikawakuta jioni wamekauka mchangani. Mwaka uliofuata matunda yalikuwa machache. Tangu siku hiyo sijapulizia chochote juu ya ua lililofunguka, hata maji ya mwarobaini, ambayo watu huyahesabu kuwa hayana madhara kwa sababu tu ni ya majani.

Kanuni ninayoifuata sasa ni hii: mlimau mkubwa huweza kupoteza sehemu ya majani yake na kuchipua tena, kwa hiyo viwavi wa mti mkubwa huwaacha. Mche mdogo wenye majani ishirini hauwezi, hivyo viwavi wake huwaokota kwa mkono, mmoja mmoja, na kuwahamishia kwenye mti mkubwa. Kazi hiyo huchukua muda wa kuchemsha chai, na baada ya wiki chache vipepeo huwa juu ya mshubiri.

Kiangazi: mtungi uliofukiwa

Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua imekwisha, ndipo bustani hupimwa. Mboga ndizo zinazoteseka kwanza, na njia ninayoipendekeza kwa mboga ni ya mtungi wa udongo.

Tafuta mtungi wa kawaida wa lita tano hivi, usiopakwa rangi wala kung'arishwa. Ujaribu kabla ya kuuchimbia: ujaze maji, uuweke kivulini, na baada ya saa moja upitishe kiganja nje yake. Kiganja kikitoka na unyevu, kama vile mtungi unatoa jasho, huo unafaa. Ukiwa mkavu kabisa, utumie kwa kazi nyingine, na ukidondosha matone, una ufa. Chimba shimo pana kidogo kuliko mtungi, tia mboji, ufukie mpaka shingoni, na ushindilie udongo kwa ngumi ili ugusane na mtungi pande zote, kwa kuwa penye uwazi maji hayapiti. Panda nyanya chungu, bamia au pilipili kuuzunguka, umbali usiozidi shubiri moja. Ujaze maji ya jikoni yaliyochujwa kwa kitambaa, kisha ufunike mdomo kwa kifuu cha nazi.

Kinachotokea chini hakionekani lakini kinaeleweka: udongo ukikauka huyavuta maji kupitia kwenye vinyweleo vya mtungi, na ukilowa huacha kuyavuta, kwa hiyo mmea hunywa kadiri ya haja yake na jua halipati kitu. Mimi hujaza kila baada ya siku tatu au nne. Maji ya sabuni yasitiwe humo, maana huziba vinyweleo. Baada ya misimu kadhaa mtungi ukipunguza jasho, ufukue, uusugue kwa nyuzi za kumbi na uuanike juani.

Miti michanga iliyopandwa masika haihitaji mtungi. Inatosha ndoo moja mara moja kwa wiki, ikimwagwa polepole baada ya alasiri ndani ya kisahani chake. Kumwagilia kidogo kila siku huifanya mizizi ibaki juu, na mizizi ya juu ndiyo ya kwanza kufa. Choma kidole kwenye udongo hadi kwenye kiungo cha pili, na ukikuta ubichi, ndoo yako ipeleke kwingine.

Viumbe nao huona kiu. Weka kigae kipana cha chungu, au sahani ya udongo, chenye maji ya kina cha vidole viwili na jiwe katikati linalochomoza juu ya maji ili nyuki na vipepeo wapate pa kusimama bila kuzama. Kiweke kivulini, karibu na kichaka ili ndege wapate pa kukimbilia, lakini si chini yake kabisa, kwa sababu paka wa jirani atajificha humo. Lita moja inatosha kwa siku nzima.

Maji hayo yabadilishwe kila asubuhi, na hili halina hiari. Mbu anayeeneza homa ya dengi hupenda kutaga katika vyombo vidogo vya majumbani, na Tanga ilikuwa miongoni mwa miji iliyokumbwa na ugonjwa huo mwaka 2019. Mayai yake hunata kwenye kuta za chombo na hubaki hai hata chombo kikikauka, kwa hiyo kumwaga tu hakutoshi: sugua kigae ndani kwa kumbi, kisha ujaze upya. Maji ya jana yamwage kwenye mche ulio karibu. Kwa sababu hiyo hiyo pindua vifuu, makopo na matairi yote yaliyolala uani.

Jambo lingine la kiangazi ni kunguru weusi, wale walioletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea pwani nzima. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na kila ganda la muhogo au kichwa cha dagaa kinachoachwa wazi ni mwaliko kwao. Mabaki ya chakula yafukiwe ndani ya shimo la mboji na yafunikwe kwa majani na tabaka la udongo siku hiyo hiyo. Usimtupie ndege yeyote wali uani, kwa sababu wa kwanza kufika atakuwa kunguru, na chozi hali wali.

Wiki ya mwisho ya Februari panda ngazi, uondoe majani yaliyoziba gata, kagua kama wavu wa tangi umechanika, na uondoe tope lililokaa chini ya tangi wakati maji yamebaki kidogo. Tope hilo litie kwenye kisahani cha mlimau.